Picha Isiyo na Isnadi Si Ushahidi

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa vikubwa na vidogo, vinavyoonekana kwa macho na visivyoonekana. Ama baada ya hayo, leo tumeona ni vyema tuzungumze na familia zetu juu ya jambo lililokwisha kuingia katika kila nyumba yenye simu ya mkononi, nalo ni picha tunazozipokea na kuzisambaza bila ya kuuliza zimetoka wapi.

Picha hizo ni za namna nyingi, lakini tuchukue mbili ambazo hazikosekani. Ya kwanza ni ya mdudu aliyekuzwa mpaka uso wake ukajaa kioo chote cha simu: macho kama vito, manyoya kama ya simba, na pengine maandishi juu ya bawa lake. Chini yake huandikwa maneno ya kumtukuza Mola, kisha amri ya kuisambaza kwa watu kumi. Ya pili ni ya ndege kubwa inayoruka chini mno, juu ya mapaa ya nyumba au vichwa vya watu, nayo huambatana na maneno ya hofu: wametujia, wanatupeleleza, wanatumwagia sumu. Moja inatuita kwenye mshangao na nyingine kwenye woga. Lakini zote mbili zinatutaka jambo lile lile, yaani tuamini upesi na tusambaze upesi zaidi.

Msimamo wetu katika makala haya ni huu: picha ni ushahidi, na anayeisambaza amesimama mahali pa shahidi. Hivyo basi inampasa kujua angalau kile ambacho shahidi yeyote hutakiwa kukijua.

Tuanze na mdudu. Watu wengi hawafahamu kwamba karibu kila picha nzuri ya mdudu aliyekuzwa imepita katika mikono ya kompyuta, na kwamba hilo peke yake si udanganyifu. Lenzi inapomkaribia sana kiumbe mdogo, sehemu inayoonekana kwa uwazi huwa nyembamba kupita kiasi. Ukilenga jicho la nzi, miguu yake inakuwa ukungu. Ukilenga miguu, jicho linapotea. Kwa sababu hiyo wapigapicha hupiga picha nyingi, kila moja ikilenga hatua ndogo mbele ya ile iliyotangulia, kisha programu ya kompyuta hukusanya sehemu zilizo wazi na kuziunganisha kuwa picha moja.

Mpigapicha wa Uingereza, Levon Biss, aliifikisha kazi hii mbali sana. Mwaka 2016 picha zake za wadudu zilionyeshwa katika jumba la makumbusho ya viumbe la Chuo Kikuu cha Oxford. Wadudu wadogo wa kiasi cha milimita kumi walionekana kwenye karatasi zenye urefu wa mita kadhaa, na kila picha moja ilikuwa imejengwa kwa picha takriban 8,000. Je, alidanganya? La hasha. Alieleza waziwazi alivyofanya, wadudu wenyewe walitoka katika hazina ya jumba hilo, na kilichoonekana kwenye karatasi ndicho kilichokuwa kwenye mwili wa mdudu. Alichokifanya ni kulisaidia jicho lione kilichopo.

Kadhalika zile picha zinazopigwa kwa hadubini ya elektroni, ambazo humwonyesha mbu au sisimizi kana kwamba ni mnyama wa kutisha. Hadubini ile haitumii mwanga, kwa hiyo picha yake hutoka bila rangi. Bluu na nyekundu tunazoziona zimepakwa baadaye kwa mkono wa mtu. Mwanasayansi anapoandika kwamba rangi zimeongezwa, amesema kweli. Picha hiyo hiyo ikikatwa maelezo yake na kupewa maneno mengine, imegeuka uongo ingawa haijaguswa hata nukta moja.

Mfano mzuri ni ule wa mwaka 2022. Picha ya uso wa sisimizi, iliyopigwa na mpigapicha wa Lithuania na kutambuliwa katika mashindano ya Nikon ya picha za hadubini, ilienea duniani kote. Wengi walisema ni jini, ni zimwi, ni kazi ya kompyuta, kwa sababu ya yale yaliyoonekana kuwa macho mekundu yanayowaka. Kumbe picha ilikuwa ya kweli, na yale hayakuwa macho. Yalikuwa mashina ya vipapasio vya sisimizi huyo. Kosa halikuwa la kamera, lilikuwa la sisi watazamaji tuliotangulia kuhukumu kabla ya kuuliza.

Sasa tufike mahali ambapo mpaka unavukwa. Wako wanaomweka mdudu kwenye jokofu ili apoe na asiweze kutembea, kisha humpanga atakavyo mpigapicha, juu ya ua au juu ya mgongo wa chura, wakadai wamemkuta hivyo porini. Wako wanaoongeza miguu, wanaobadilisha rangi na wanaounganisha viumbe wawili kuwa mmoja. Siku hizi ziko programu za akili mnemba zinazotengeneza mdudu ambaye hakuzaliwa kamwe, na huonekana hai kuliko aliye hai. Zamani kidogo tungeweza kuwafundisha watoto wahesabu miguu, kwa kuwa mdudu ana miguu sita na buibui ana minane. Bado ni kipimo kizuri, lakini programu hizo zinajifunza haraka, na kuhesabu miguu peke yake hakutoshi tena.

Linalotuuma zaidi, na ambalo ni wajibu wa ukurasa huu kulisema, ni zile picha za nyuki au kipepeo mwenye jina tukufu juu ya bawa. Familia nyingi huzipokea kwa unyenyekevu na kuzipeleka kwa watoto kama dalili ya dini. Nasi tunauliza: tangu lini dini hii ilihitaji kuungwa mkono na picha isiyojulikana aliyeipiga? Ndani ya Qur'ani Tukufu ziko sura zilizopewa majina ya viumbe hawa wadogo: An-Nahl, yaani nyuki, An-Naml, yaani sisimizi, na Al-Ankabut, yaani buibui. Nyuki ni dalili kwa jinsi alivyoumbwa, kwa asali yake na kwa nyumba anayoijenga. Hahitaji mtu wa kumwandikia kitu ubavuni.

Tena tukumbuke kwamba hata alama za kweli juu ya mbawa zinaweza kufanana na herufi bila ya mtu kuzigusa. Kjell Sandved, mpigapicha wa jumba la makumbusho ya viumbe la Smithsonian mjini Washington, alitumia miaka mingi akitafuta herufi kwenye mbawa za vipepeo na nondo, na akazipata zote ishirini na sita za Kilatini pamoja na tarakimu. Hakutengeneza hata moja. Mbawa zina madoa na mistari ya kila namna, na jicho la binadamu hupenda kusoma. Anayetafuta herufi ataipata. Hilo si hoja kwa dini yoyote wala dhidi yake.

Hatari yake iko wapi? Iko kwa mtoto. Mtoto aliyeambiwa na mzazi wake kwamba picha hii ndiyo uthibitisho, atakua, ataingia shule ya sekondari, na siku moja mwenzake atamwonyesha jinsi picha ile ilivyotengenezwa. Siku hiyo hatapoteza picha tu. Atajiuliza ni mangapi mengine aliyoambiwa nyumbani ambayo yalisimama juu ya msingi kama huo. Mzazi aliyedhani anaijenga imani ya mwanawe atakuwa ameweka jiwe bovu chini ya ukuta.

Umma huu haukuanza leo kukabiliana na habari zisizo na asili. Wanazuoni wa hadithi, wakiwemo Imamu Bukhari aliyefariki mwaka 870 Miladia na Imamu Muslim, hawakutosheka na uzuri wa maneno waliyoletewa. Waliuliza: nani amekuhadithia? Naye ameipokea kwa nani? Je, wawili hao walikutana? Ni mkweli? Ana hifadhi nzuri? Mlolongo huo wa wapokezi ndio tunaouita isnadi. Maneno matamu yasiyo na isnadi hayakupokelewa, hata yakiwa yanahimiza kheri. Historia inatueleza kwamba walikuwepo watu waliotunga hadithi za kuwavutia watu kwenye ibada, wakajitetea kwamba hawakumzulia Mtume (S.A.W.) jambo baya, bali walikuwa wakiisaidia dini yake. Wanazuoni waliukataa udhuru huo moja kwa moja. Uongo wa nia njema waliuita uongo.

Basi na picha nayo ina isnadi yake: nani aliipiga, wapi, lini, na imefanyiwa nini tangu ilipotoka kwenye kamera hadi ilipofika kwenye simu yako. Picha iliyokatwa mlolongo huu ni sawa na maneno yaliyosikika sokoni.

Tugeukie ndege. Hapa mambo yanakuwa magumu zaidi, kwa sababu kamera yenyewe inaweza kutudanganya pasipo mtu kukusudia. Lenzi ya kuvuta vitu vya mbali huvikaribisha pamoja vitu vilivyoachana, ndege iliyo kilomita moja nyuma ya jengo ikaonekana kama inaligusa. Kamera ya simu husoma picha mstari baada ya mstari, haichukui yote kwa mara moja. Kwa hiyo pangaboi linalozunguka kwa kasi huonekana limepinda kama ndizi, au vipande vyake vikaonekana vinaelea hewani mbali na injini. Na hapa ndipo mdudu na ndege hukutana kwa mara ya kwanza: mdudu mdogo akipita karibu na lenzi, huacha kivuli chenye ukungu kinachofanana na chombo kikubwa kilicho mbali angani. Wengi waliodhani wamenasa chombo cha ajabu walikuwa wamemnasa nzi.

Lakini tusiingie katika kosa la upande wa pili, la kukanusha kila kitu. Katika kisiwa cha Sint Maarten, huko Karibiani, uwanja wa ndege wa Princess Juliana umejengwa mwisho wa ufuo wa Maho. Njia yake ya kutua ina urefu wa kiasi cha mita 2,300, na ndege kubwa huupita ufuo huo zikiwa makumi machache tu ya mita juu ya vichwa vya waogaji. Picha zake huonekana kama za kutengeneza, nazo ni za kweli. Mwaka 2017 mwanamke mmoja aliyekuwa akitazama ndege ikiondoka aliangushwa na upepo wa injini, akafariki dunia. Mwenye kusema kwamba kila picha ya ajabu ni uongo amejinyima ukweli sawasawa na yule anayeamini kila kitu.

Uko pia mkasa wa New York, ambao unatufundisha jambo jingine. Asubuhi ya tarehe 27 Aprili 2009, ndege kubwa ya aina ile inayombeba Rais wa Marekani ilionekana ikiruka chini juu ya bandari na karibu na majengo marefu ya mji huo, ikifuatwa na ndege ya kivita. Watu waliokumbuka yaliyotokea Septemba 2001 walikimbia kutoka maofisini. Hakukuwa na shambulio lolote. Ndege hiyo haikuwa na Rais ndani, na ilikuwa ikipigwa picha mpya ikiwa na Sanamu ya Uhuru. Baadhi ya maofisa wa mji walikuwa wamejulishwa, lakini waliagizwa wasiutangazie umma. Gharama ilitajwa kuwa dola za Marekani 328,835, na mkuu wa ofisi ya kijeshi ya Ikulu aliyeidhinisha safari hiyo alijiuzulu mwezi uliofuata.

Zingatia, ndugu msomaji, kwamba picha ile ilikuwa ya kweli, ndege ilikuwa ya kweli, na wenye mamlaka hawakukusudia kumdhuru mtu. Hata hivyo watu walipata fazaa kubwa kwa sababu habari ilifichwa. Wenye kujua waliponyamaza, wasiojua wakajaza nafasi ile kwa hofu yao. Kwa hiyo hatuwalaumu wananchi peke yao wanapoamini uvumi. Aliye na ukweli na akaufungia kabatini ana fungu lake la lawama.

Jambo hili si la Marekani peke yake. Lilifika kwetu Afrika Mashariki, na hapa mdudu na ndege walikutana kwa mara ya pili, safari hii kwa uhai wa watu. Mwishoni mwa Desemba 2019 makundi ya nzige wa jangwani yaliingia kaskazini mashariki mwa Kenya kutoka Somalia, na uvamizi ule ukatajwa kuwa mbaya zaidi nchini humo katika miaka 70. Mapema mwaka 2021 nzige walifika pia kaskazini mwa Tanzania. Kundi linaloenea kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige mpaka milioni 80, na kwa siku moja likala chakula cha kuwatosha watu 35,000. Silaha kubwa ilikuwa ni ndege ndogo zinazoruka chini sana, zikinyunyiza dawa juu ya makundi hayo.

Ili ndege iende mahali panapostahili, lazima mtu aseme nzige wako wapi. Mwaka 2020 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Penn State, lilitoa programu ya simu ambayo mtu aliyewaona nzige aliweza kuitumia kupeleka taarifa pamoja na picha. Mchungaji wa Samburu mwenye simu mkononi akawa shahidi ambaye ushahidi wake unaweza kuirusha ndege.

Tazama sasa uzito wa picha moja. Nzige hawa huweza kusafiri kilomita 150 kwa siku. Picha ya juzi isiyo na tarehe inaipeleka ndege mahali ambapo nzige hawapo tena. Panzi wa kawaida akikuzwa ajaze kioo hufanana na nzige machoni pa asiyejua, kwa sababu picha ya karibu hupoteza kipimo cha ukubwa. Na rangi nayo ni habari: nzige mchanga wa jangwani ni wa waridi, naye hula sana na kuruka mbali, aliyepevuka ni wa manjano, naye yuko karibu kutaga mayai ardhini. Kijana anayeirembesha picha kwa kuongeza wekundu ili ipendwe na marafiki zake, amefuta habari ambayo mtaalamu aliihitaji. Hakukusudia uongo, lakini dawa, mafuta ya ndege na shamba la mtu havijui nia yake.

Upande wa pili wa jambo hilo ni ndege yenyewe. Mwanakijiji aliyeona ndege ikipita karibu na vilele vya miti ikimwaga ukungu, ana haki ya kuogopa. Dawa za nzige si maji. Baadhi yake huua nyuki, na mifugo haistahili kulishwa mahali palipotoka kunyunyizwa. Akiwa hakuambiwa mapema ni dawa gani, itanyunyizwa siku gani na akae mbali kwa muda gani, kisha akapokea picha ya ndege yenye maneno kwamba watu wanauawa, kwa nini asiamini? Dawa ya uvumi huo ni tangazo la kweli linalotangulia ndege, kwa lugha ya watu, kupitia redio, baraza la kijiji na mimbari ya msikiti.

Tufanye nini basi? Kwanza, kila familia ijiwekee desturi ya maswali manne kabla ya kusambaza picha: nani ameipiga, wapi, lini, na imebadilishwa nini? Likikosa jibu hata moja, picha ibaki pale ilipo. Ziko programu kwenye intaneti zinazomwezesha mtu kuitafuta picha kwa kutumia picha yenyewe, akaona ilipoonekana mwanzo. Kijana wa nyumba anaweza kumfundisha babu yake kwa dakika chache. Pili, walimu wa madrasa wanaofundisha isnadi wawaonyeshe wanafunzi kwamba elimu hiyo inafanya kazi mpaka ndani ya simu. Tatu, maimamu na viongozi wa makundi ya WhatsApp ya misikiti wasiruhusu picha ya muujiza isiyo na mwenyewe, hata ikiwa imepambwa kwa dua. Nne, wenye mamlaka waseme mapema.

Ni kweli kwamba mwezi Aprili 2020 WhatsApp iliweka kikomo, ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi usipelekwe ila kwa mtu au kundi moja kwa wakati. Hilo ni jema, lakini ni breki ya chombo. Breki ya moyo ni ya kila mmoja wetu, na hakuna kampuni itakayotuwekea.

Wako watakaotuambia kwamba tunafanya jambo dogo kuwa kubwa. Picha ya kipepeo imemdhuru nani? Tunawajibu kwamba tabia ndiyo inayodhuru. Mkono uliozoea kusambaza kipepeo bila kuuliza ndio utakaosambaza ndege bila kuuliza, na kesho utasambaza picha ya jirani aliyesingiziwa wizi, au ya binti wa watu iliyotengenezwa na kompyuta ili kumvunjia heshima. Ulimi tumeonywa nao tangu utotoni. Kidole kinachobonyeza simu leo kinafanya kazi ya ulimi, nacho kitaulizwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuhakikisha kabla ya kusema, na azilinde nyumba zetu na uongo wa kila rangi. Wabillahi tawfiq.